Kibubu cha Siku Thelathini na Moja

Mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazazi mliofika, na ninyi wanafunzi mliojaa mpaka madirishani: asanteni kwa kunikaribisha. Niliombwa nizungumze juu ya uzuri wa hisabati. Nimelifikiria ombi hilo kwa wiki nzima, nikaona uzuri wa jumla haushikiki mkononi. Basi nimekuja na namba moja tu, nimeiandika ubaoni kabla hamjaingia:

2,147,483,647

Tuisome pamoja, kwa sauti. Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Ina tarakimu kumi. Nimeishi nayo miaka mingi, kwanza nikiwa mwalimu wa hisabati, kisha nikiwa mwandishi wa programu za kompyuta, na kila nikidhani nimeijua yote inanifungulia mlango mwingine. Leo nataka niwajulishe nayo kama mtu anavyomjulisha mgeni nyumbani: huyu ni nani, katoka wapi, ndugu zake ni akina nani.

Inatoka kwenye kibubu.

Chukueni kibubu, kile cha udongo au cha mbao chenye tundu juu, tuanze tarehe mosi Januari. Siku ya kwanza tumbukiza shilingi moja. Siku ya pili shilingi mbili. Ya tatu nne, ya nne nane, kila siku mara mbili ya jana. Wiki ya kwanza ni mchezo wa mtoto: siku ya saba unatumbukiza shilingi 64, na kibubu kizima kina shilingi 127. Siku ya kumi unaweka 512. Siku ya ishirini unaweka 524,288, na hapo mzazi ameshaanza kukuuliza hizo fedha unazitoa wapi. Siku ya thelathini na moja, mwisho wa mwezi, unatakiwa uweke shilingi 1,073,741,824. Ukivunja kibubu usiku huo na kuhesabu, unakuta 2,147,483,647. Ndiyo hii ya ubaoni.

Angalieni jambo moja dogo kabla hatujasonga. Siku ya nne unaweka 8; vya nyuma vyote ni 1, 2 na 4, jumla 7. Siku ya tano unaweka 16. Vya nyuma ni 15. Kila siku unachoweka kinazidi vyote ulivyowahi kuweka kwa shilingi moja, haipungui haiongezeki. Kwa hiyo kujua jumla ya kibubu huhitaji kujumlisha: chukua kiasi cha kesho, toa moja. Jumla ya siku 31 ni 2 kipeo cha 31, yaani mbili thelathini na moja zikizidishwa pamoja, toa moja.

Sasa tuulize swali la mirathi. Kila jioni, fedha za kibubu zingeweza kugawanywa sawasawa kwa watu bila kubaki shilingi? Siku ya nne kuna 15: watu watatu, kila mmoja tano. Siku ya sita kuna 63: watu tisa, kila mmoja saba. Lakini siku ya tatu kuna 7, nayo ina ubishi. Ama mtu mmoja achukue zote, ama watu saba kila mmoja shilingi yake. Katikati hapo hakuna njia. Ndiyo namba tasa mliyofundishwa mkiwa shule ya msingi.

Niseme hapo hapo kwamba jina hilo, tasa, sijawahi kulipenda. Kwa Kiswahili ni neno zito, limewaumiza wengi. Na kwa namba hizi naona limekaa kichwa chini. Kila namba nzima inayozidi moja, kama si tasa yenyewe, huzaliwa kwa kuzidisha namba tasa, na huzaliwa kwa njia moja tu: 63 ni 3 mara 3 mara 7, hata uanzie wapi. Hizi ndizo mama wa namba zote. Nitaendelea kusema tasa kwa sababu ndilo neno la vitabuni, lakini mkilisikia kumbukeni ninachomaanisha.

Rudini kwenye mwezi wetu. Siku ambayo tarehe yake inagawanyika, kibubu nacho kinagawanyika, na sababu yake mnaweza kuiona kwa macho. Siku ya 12, pangeni siku hizo kwa mafungu ya tatu tatu. Fungu la kwanza ni 1, 2, 4: jumla 7. Fungu la pili ni 8, 16, 32: hizo ni nane mara saba. La tatu ni sitini na nne mara saba, la nne vivyo hivyo. Kila fungu linabeba saba ndani yake, basi jumla yote, 4,095, inagawika kwa saba. Kwa hiyo siku za kutazamia ni zile ambazo tarehe yenyewe ni tasa: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31.

Mtu angetegemea kwamba siku hizo zote zitatoa namba tasa. Watu waliamini hivyo zamani. Siku ya pili ni 3, ya tatu 7, ya tano 31, ya saba 127, zote tasa. Halafu inakuja siku ya 11, kibubu kina shilingi 2,047, na hizo wanagawana watu 23, kila mmoja 89. Siku ya 13, 17 na 19 zinarudi kuwa tasa. Ya 23 inavunjika: Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa, alionyesha mwaka 1640 kwamba inagawika kwa 47. Ya 29 inavunjika pia, mara tatu: 233, 1,103 na 2,089. Na ya 31, siku ya mwisho ya mwezi?

Mwaka 1644 padri mmoja wa Ufaransa, Marin Mersenne, alichapisha orodha ya vipeo alivyosema vinatoa namba tasa, na 31 ilikuwemo. Lakini kutaja si kuthibitisha, na orodha ile ilikuja kugundulika ina makosa sehemu nyingine. Namba yetu ikakaa bila hukumu kwa zaidi ya miaka mia moja. Aliyeihukumu ni mwanahisabati Leonhard Euler, na hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu hiki ndicho kilichonileta.

Euler alizaliwa Basel, Uswisi, mwaka 1707. Jicho la kulia lilimharibikia akiwa na miaka thelathini na kitu. Mwaka 1766 alirudi Saint Petersburg, Urusi, na muda si mrefu jicho la pili nalo likafifia mpaka akawa karibu kipofu kabisa. Mwaka 1771 nyumba yake ikaungua. Alichotaka kuandika aliwatamkia wengine wakaandika. Na ni katika hali hiyo, mwaka 1772, katika barua kwa mwanahisabati mwenzake Bernoulli, alieleza kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa.

Alifanyaje? Njia ya kwanza inayomjia kila mtu ni kugawanya. Namba ikiwa na vigawo viwili, kimoja hakiwezi kuzidi kipeuo chake cha pili, yaani ile ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inaizaa namba hiyo. Vyote viwili vikizidi, zao lao litaipita namba yenyewe. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na ushee. Basi gawanya kwa kila namba tasa iliyo chini ya hapo. Ziko zaidi ya 4,700. Mkigawanya kwa mkono, dakika tano kila moja, mtatumia saa karibu 400, na kosa moja la kubeba tarakimu linaharibu yote.

Euler aliuliza swali lingine. Hakuuliza "kipi kinaigawa?" Aliuliza: "Kama kipo kinachoigawa, sura yake ikoje?"

Fikirini daladala inayozunguka. Chukua namba tasa yoyote unayoishuku, tuiite k. Anza na 1, zidisha kwa mbili, na kila ukizidisha, gawanya kwa k ubakishe baki tu. Hayo mabaki ndiyo vituo. Kwa kuwa tunashuku k inaigawa 2 kipeo cha 31 toa moja, maana yake tukizidisha mara 31 tunarudi kituo cha kwanza, baki 1. Njia ina vituo 31, na kwa kuwa 31 ni tasa haiwezekani kuwa na mzunguko mfupi uliojificha ndani yake. Sasa Fermat alikuwa ameshagundua kwamba kwa namba yoyote tasa k, isiyokuwa mbili, ukizidisha hivyo mara k toa moja, lazima uwe umerudi kituo cha kwanza. Basi k toa moja lazima iwe mizunguko kamili ya vituo 31. Ni 31, au 62, au 93, na kuendelea. Na kwa kuwa k ni witiri, k toa moja ni shufwa. Kwa hiyo: kigawo chochote cha namba yetu, ukikitoa moja, lazima kigawike kwa 62.

Jaribuni kwenye zile zilizovunjika muone kama nawadanganya. Siku ya 11: vigawo ni 23 na 89. Toa moja moja: 22 na 88. Zote zinagawika kwa 22, yaani mara mbili ya 11. Siku ya 29: 233, 1,103, 2,089. Toa moja: 232, 1,102, 2,088. Zote zinagawika kwa 58. Mara ya kwanza nilipolijaribu hili kwa kalamu, nikiwa kidato cha tano, nilisimama nikatembea kuzunguka bweni usiku.

Kuna sharti la pili. 2 kipeo cha 32 ni mraba wa 65,536, na kwa k tunayoishuku mraba huo unabakisha 2. Namba tasa inayokubali mbili iwe baki la mraba, isipokuwa mbili yenyewe, ukiigawanya kwa nane inabaki 1 au 7, basi. Unganisheni masharti mawili: kigawo cha namba yetu, kama kipo, ukikigawanya kwa 248 lazima kibaki 1 au 63. Vingine vyote vitupeni bila kuvigusa.

Kutoka zaidi ya 4,700 zinabaki themanini na kitu. Saa 400 zimekuwa saa saba. Ni kazi ya siku moja kwa mtu makini na msaidizi mwenye mwandiko mzuri. Euler alipita kwenye namba hizo zote, hakuna iliyogawa bila baki. Hukumu ikatoka: tasa.

Namba hii ikawa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana duniani, ikaivua taji ile ya siku ya 19, yaani 524,287, ambayo Mwitaliano Cataldi alikuwa ameithibitisha mwaka 1588. Ikakaa kwenye kiti miaka mingi, hadi nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1811, Mwingereza Peter Barlow aliandika kuhusu namba iliyojengwa juu ya hii yetu, akasema pengine hakuna kubwa zaidi ya aina yake itakayowahi kupatikana, kwa sababu namba hizi ni za kustaajabia tu, hazina faida, basi nani atajisumbua. Leo inayoongoza ni 2 kipeo cha 136,279,841, toa moja. Imetangazwa mwaka 2024, ina tarakimu zaidi ya milioni 41.

Hiyo namba ya Barlow tuitazame, maana ni ya kupendeza. Chukueni 6. Vigawo vyake vilivyo chini yake ni 1, 2, 3. Vijumlishe, unapata 6 yenyewe. Chukueni 28: ni 1, 2, 4, 7, 14, na jumla yake ni 28. Wazee wa hisabati waliziita namba timilifu: mali zake zote zikikusanywa zinamtosha mwenyewe, hazizidi hazipungui. Zinafuata 496 na 8,128. Ni adimu mno. Na zote zinatoka kwenye kibubu chetu! Siku ya pili uliweka 2, kibubu kikawa na 3: zidisha, 6. Siku ya tatu uliweka 4, kibubu kikawa na 7: zidisha, 28. Siku ya tano, 16 mara 31, ni 496. Siku ya saba, 64 mara 127, ni 8,128. Kila siku ambayo kibubu ni tasa, ulichoweka siku hiyo mara kilichomo ni namba timilifu. Mgiriki Euclid alilithibitisha hilo zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, na Euler huyu huyu akathibitisha kinyume chake, kwamba kila namba timilifu iliyo shufwa inatoka humo, hakuna njia nyingine. Siku ya 31 inatupa 2,305,843,008,139,952,128, ya nane katika ukoo huo. Timilifu iliyo witiri hajaipata mtu hadi leo, wala hajathibitisha mtu kwamba haipo.

Sasa faida. Barlow alisema hazina. Tazameni mifukoni mwenu.

Kompyuta na simu huhifadhi namba kwa vijisanduku, kila kisanduku kina 0 au 1. Kwa miaka mingi kipimo cha kawaida kilikuwa vijisanduku 32 kwa namba moja. Kimoja kinasema kama namba ni chanya au hasi. Vinabaki 31. Na vijisanduku 31 ni nini kama si kibubu chetu? Cha kwanza kina thamani ya 1, cha pili 2, cha tatu 4, mpaka cha 31 chenye thamani ya 1,073,741,824. Vyote vikijaa, namba kubwa kuliko zote zinazoingia humo ni hii ya ubaoni. Euler aliitafuta kwa sababu ni tasa. Wahandisi wakaikuta kwa sababu ndiyo inayojaza chombo.

Na ukiongeza moja juu yake? Mmeona mita ya kilomita ya gari kuukuu inapofika 99,999. Tisa zote zinageuka sifuri na moja inasogezwa kushoto. Hapa vilevile: moja zote 31 zinageuka sifuri, na ile inayosogezwa inaangukia kwenye kisanduku cha alama. Mashine inasoma: hasi 2,147,483,648. Kutoka kileleni hadi shimoni kwa hatua moja.

Niwasimulie lililonikuta. Nilikuwa kijana nimeajiriwa na ofisi moja ndogo ya programu, tukaandikia chama kimoja cha kuweka na kukopa mfumo wa hesabu. Tulihifadhi fedha kwa senti, ili tusipate desimali. Hilo ni jambo la busara. Lakini namba tuliiweka kwenye vijisanduku 32, na mimi ndiye niliyeandika mstari huo. Kwa senti, kilele ni shilingi 21,474,836 na senti 47. Mfano tulioufuata uliandikwa na mtu aliyefikiria kwa dola, na dola milioni 21 kwa chama cha mtaani ni bahari isiyojaa. Kwa shilingi ya Tanzania ni bei ya gari dogo la mtumba.

Siku moja asubuhi mhasibu wa chama, mama wa makamo, akanipigia simu. Nikasema, "Shikamoo mama." Akaitikia "Marahaba," halafu sauti ikashuka: "Mwanangu, jana tumefunga milioni ishirini na moja na nusu. Leo mashine inasema hasi milioni ishirini na moja, laki nne, elfu arobaini na tisa, mia sita sabini na mbili. Wanachama wako nje. Niwaambie nini?"

Nilichukua karatasi. Milioni 21 na nusu ni senti 2,150,000,000. Toa 2 kipeo cha 32, yaani 4,294,967,296. Inabaki hasi 2,144,967,296. Igeuze iwe shilingi: hasi 21,449,672 na senti 96. Ilikuwa ileile aliyonisomea. Hakuna senti iliyoibiwa, hakuna mtu aliyeiba. Nilimweleza, nikamwomba radhi, tukapanua chombo mchana uleule. Lakini yule mama alikaa saa tano mbele ya watu waliomwamini bila jibu la kuwapa, na hilo sijalisahau. Ninyi mtakaoandika programu kwa ajili ya nchi hizi, ambazo sarafu yake ina sifuri nyingi, hesabuni chombo kwa shilingi yenu.

Wakubwa pia yamewafika. Desemba 2014 YouTube walitangaza kwamba video ya mwanamuziki PSY wa Korea Kusini ilikuwa imetazamwa mara nyingi kuliko kilele hiki, nao wakasema wamehamia kwenye vijisanduku 64.

Lakini lililo kubwa bado liko mbele, na lina tarehe. Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu wakati kwa sekunde, kuanzia saa sita kamili ya usiku wa kuingia tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa tisa usiku. Sekunde moja, mbili, tatu, mpaka leo inahesabu. Mahali ambapo hesabu hiyo imewekwa kwenye vijisanduku 32, kilele ni sekunde ya 2,147,483,647. Itafika Jumanne, tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa zetu itakuwa saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi, na sekunde saba. Watu watakuwa wanasukuma milango ya maduka, watoto wako njiani kwenda shule. Sekunde inayofuata, mashine ambayo haijarekebishwa itadhani ni Desemba 1901.

Kompyuta nyingi mpya zimeshapanuliwa. Hesabu ya vijisanduku 64 haitajaa kwa mabilioni ya miaka. Kinachonipa wasiwasi ni vile vifaa vidogo visivyoguswa na mtu: vidhibiti vya mitambo, mita zilizochimbiwa ukutani, mashine zilizonunuliwa zikiwa zimeshatumika kwingine. Sisi hununua vitu vilivyotumika na huvitumia muda mrefu. Itabidi watu wapite kimoja kimoja kuvikagua. Mwaka huo wengi wenu mtakuwa kazini.

Jambo moja zaidi nalitaja haraka. Mpangilio wa kubahatisha, ule unaochanganya karata kwenye michezo ya kompyuta, kwa miaka mingi ulitegemea utasa wa namba hii. Anza na 1. Zidisha kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, chukua baki, rudia. Unapata 16,807, halafu 282,475,249, halafu 1,622,650,073, na kuendelea bila mpango unaoonekana kwa jicho. Zinapita namba zote kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja, ndipo inarudi kwenye 1. Mwaka 1988 watafiti wawili, Park na Miller, waliipendekeza iwe kipimo cha chini kabisa cha kazi hiyo. Haifai kulinda siri za benki, kwa sababu anayejua moja anajua zinazofuata. Lakini daladala ile ile ya Euler, safari hii, ina njia inayopita kila kituo cha mji.

Mwalimu wa zamu ananionyesha saa, naona. Basi nirudi ubaoni.

Nimewaambia kwamba Euler alibakiwa na namba themanini na kitu za kujaribu. Mimi kuwaambia si ushahidi. Andikeni zinazobaki 1 au 63 mkizigawanya kwa 248, na zenyewe ziwe tasa. 249 ni 3 mara 83, itupeni. 311 ni tasa. 497 ni 7 mara 71, itupeni. Ya kwanza basi ni 311. Igawanyeni namba yetu kwa hiyo, baki ni 35. Ya pili ni 1,303. Baki ni 226. Ya tatu ni 1,489. Baki ni 199. Hizo tatu nimezifanya usiku wa jana kwa mkono, karatasi ninazo, atakaye azikague. Ya nne ni 2,543.

Chaki hii hapa. Nani anakuja?